Chujio la Kuosha na Chujio la Kutupa

(Maneno yaliyosemwa na ndugu wa reli mbele ya madereva, manahodha na mafundi wa injini waliokusanyika Lamu. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)



Mimi ni mtu wa reli, na reli haijafika Lamu. Imo katika mpango wa LAPSSET, na gati ya kwanza ya bandari ilifunguliwa mwezi wa Mei 2021, lakini mataruma hayajalazwa. Kwa hiyo msidhani nimekuja kikazi. Nimekuja kumtazama shemeji yangu, na haya niyasemayo yalianza chomboni, nikivuka kutoka Mokowe.

Nahodha wa chombo kile aliposikia kwamba nafanya kazi katika karakana ya injini za reli, aliniuliza swali. Tajiri wake ameonyeshwa chujio la oili la chuma, la wavu, ambalo hununuliwa mara moja tu, likichafuka huoshwa na kurudishwa. Aliyemwonyesha amesema hatanunua filta tena maisha yake yote. Nahodha akataka kujua kama maneno hayo ni kweli. Nilimjibu, lakini injini ilikuwa ikipiga kelele na nusu ya jibu langu ilikwenda na upepo. Mwenyekiti alikuwamo chomboni, naye akasema, "Basi njoo utuambie sote, nchi kavu." Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Najua wengine wanacheka. Lamu mjini mzigo hubebwa na punda, na punda hana chujio. Lakini hesabuni injini zilizo katika visiwa hivi: mashua za abiria za Faza, Kizingitini na Siyu, boti za wavuvi, pikipiki, jenereta, na kule Mokowe magari ya Mpeketoni, Witu, Malindi na Mombasa. Kila moja ina mtu aliyekabidhiwa, na ikifa mtu huyo ndiye huitwa kwanza kwa tajiri.

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya chujio. Oili hukaa katika beseni la chini la injini. Pampu huivuta, huisukuma ipite katika chujio, kisha huenda kwenye beringi na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Katika beringi, chuma hakigusi chuma; kinaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo hupimwa kwa maikroni, na maikroni elfu moja ndizo milimita moja. Unywele wa mtu una unene wa kadiri ya maikroni 70. Utando wa oili katika beringi mara nyingi ni mwembamba kuliko hapo sana. Basi uchafu usioonekana kwa jicho waweza kuwa mkubwa kuliko nafasi uliyopewa kupita, nao hukwaruza. Mchanga wa kwetu pwani, masizi ya dizeli, vumbi la chuma linalotoka katika injini yenyewe, yote haya huzunguka na oili kama hayakuzuiwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: chujio likiziba, injini haikosi oili. Iko vali ndogo, ama ndani ya chujio ama katika injini, ambayo hufunguka oili ikishindwa kupita, na oili hupita bila kuchujwa. Injini itakwenda vizuri, taa ya oili haitawaka, na dereva ataona mambo ni salama. Kumbe uchafu wote unakwenda kwenye beringi. Chujio lililoziba ni kama bawabu aliyelala huku mlango uko wazi. Nawaomba mlikumbuke hili, maana nitalirudia.

Sasa, hili chujio la kuosha si jambo jipya. Wazee wa reli waliofanya kazi kwenye yale magarimoshi makubwa ya Garratt, aina ya 59, yaliyoletwa mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, walituambia kwamba mafuta yalifika kwenye beringi nyingine kwa nyuzi za sufu. Nyuzi hizo ziliyanyonya mafuta kidogo kidogo na kuuacha uchafu nyuma. Zikichafuka zilitolewa na kuoshwa, au kusukwa nyingine. Na hata leo, ninyi wenyewe mnayo machujio ya kuosha bila kuyaita jina hilo. Injini ya dizeli ya silinda moja ya Kichina, ile S195, ina wavu wa waya wa kuchuja oili, nao huoshwa. Pikipiki zenye injini ya namna ya Honda CG125 zina wavu chini na kikombe kinachozunguka ambacho hutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya kuzunguka. Hakuna karatasi ndani. Mwenye injini hizo hana la kuuliza. Aoshe wavu wake kila abadilishapo oili, basi.

Lile chujio la kopo, la kufungua kwa mkono na kutupa, lilianza kuenea duniani katika miaka ya 1950. Kabla yake motokaa nyingi zilikuwa na bakuli la chuma lisilotupwa, na ndani yake kipande cha karatasi au cha kitambaa kinachobadilishwa. Landrova za zamani zilikuwa hivyo, na motokaa nyingi mpya zimerudia desturi hiyo: bakuli hubaki, karatasi hutupwa. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya akili kuliko zote, lakini hatukuulizwa sisi wakati zilipotengenezwa.

Karatasi haioshwi. Nasema hivyo kwa sababu niliiosha. Kabla ya kuingia reli nilikuwa utingo katika lori la tajiri mmoja, sitamtaja. Tulikuwa safarini, siku za kubadilisha oili zilikuwa zimepita, na chujio jipya halikuwapo. Nikaambiwa niitoe ile karatasi katika bakuli niioshe kwa petroli, niikung'ute, niirudishe. Nilifanya kama nilivyoambiwa, na niliona fahari, maana ilitoka nyeupe karibu kama mpya. Kwa kweli mikunjo yake ilikuwa imelegea na gundi ya pembeni imeachia. Siku ya tatu injini ilianza kugonga. Ilipofunguliwa, vipande vya karatasi vilikutwa katika njia za oili na beringi mbili zimekwisha. Aliyeniamuru alinyamaza. Mshahara wangu ulikatwa miezi mitatu. Nilikuwa kijana, nikadhani ndiyo sheria. Nitarudi kwenye sheria baadaye.

Basi tulitazame hilo chujio la wavu wa chuma kisichoshika kutu. Lina sifa zake, na si haki kuzificha. Halichaniki. Maji hayalilegezi, ilhali karatasi ikikutana na maji katika oili hulainika, na mashuani maji hayana adabu, huingia popote. Oili nzito ya asubuhi hupita katika wavu kwa urahisi. Na kubwa kuliko yote, ukilifungua unauona uchafu wako wazi: ukiona vumbi la shaba linang'aa, wajua beringi zinalia, na utaita fundi kabla ya msiba.

Hasara zake ni hizi. Matundu ya wavu ni ya kipimo kimoja, aghalabu kadiri ya maikroni 30 hadi 40. Kilicho kidogo kuliko tundu hupita chote. Karatasi nzuri ina nyuzi zilizolaliana ovyo, na kitu kidogo kinachoponyoka uzi wa kwanza hunaswa na wa tatu. Kwa hiyo kwa uchafu mdogo karatasi nzuri hushinda mara nyingi. Tena, nyumba ya machujio mengi ya kuosha ni ya aluminiamu, na ninyi mwajua kuliko mimi jinsi aluminiamu inavyoliwa na chumvi, hasa penye nyuzi za skrubu inapokutana na chuma kingine. Mwaka wa pili waweza ukakuta halifunguki ila kwa patasi. Na mpira wake wa kuzuia oili lazima ubadilishwe. Ukiurudia uleule uliokakamaa, oili yote itakuwa chini ya mashua katikati ya mkondo.

Sasa fedha. Bei hubadilika, kwa hiyo nachukua mfano tu, nanyi mtaweka bei zenu. Tuseme chujio la kutupa ni shilingi 600, na la kuosha, pamoja na kulisafirisha, ni shilingi 15,000. Kila ukiliosha utatumia mafuta ya taa, kitambaa na mpira, tuseme shilingi 100. Basi kila mara unaokoa shilingi 500, na fedha yako itarudi baada ya kuosha mara 30.

Gari linalokwenda Malindi na kurudi Mokowe hupita kilomita 400 kwa siku. Likifanya kazi siku sita kwa juma, na oili ikibadilishwa kila kilomita 5,000, ni kama mara 26 kwa mwaka. Fedha itarudi katika mwaka mmoja na miezi miwili hivi. Mashua ikitembea saa sita kwa siku, siku sita, na oili ikibadilishwa kila saa 200, ni mara tisa kwa mwaka. Fedha itarudi baada ya miaka mitatu na kitu, ikiwa chumvi haijafika kwanza. Na mwalimu mwenye motokaa yake ndogo, anayekwenda kilomita 10,000 kwa mwaka, atabadilisha mara mbili. Huyo atasubiri miaka 15. Motokaa itakufa kabla ya faida.

Tajiri akiisikia hesabu hiyo ya gari la Malindi ataridhika, naye hana kosa, hesabu ni sahihi. Lakini kuna kitu hakikuandikwa. Kuliosha chujio sawasawa ni kazi ya nusu saa: kulifungua, kulilowesha, kulisugua kwa brashi laini, kulipuliza kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, kulitazama kwenye mwanga kila upande, kulikausha kabisa, kulifunga. Mara 26 ni saa 13 kwa mwaka. Nani huzifanya? Utingo. Saa ngapi? Jioni, baada ya kushusha abiria wa mwisho. Analipwa nini? Ninyi mwajua. Zile shilingi 500 ambazo tajiri anaziokoa hazikutoka hewani, sehemu yake imetoka katika jioni ya mtu. Chujio la kutupa lina gharama inayolipwa dukani, inaonekana kwenye risiti. La kuosha lina gharama inayolipwa kwa mkono, na mkono hauna risiti.

Na mkono wenyewe una habari yake. Oili iliyokwisha kutumika si ile iliyotoka katika kopo. Imekwisha kuungua, ina masizi na vitu vinavyodhuru ngozi, na mtu akiishika kila siku kwa miaka mingi yaweza kumletea saratani ya ngozi. Haya hayakujulikana jana. Huko Uingereza, katika viwanda vya pamba vya Lancashire, wafanyakazi wa mashine za kusokota walirukiwa na mafuta ya madini kwenye nguo zao kila siku, wakawa wakipata saratani ya ngozi ya sehemu za siri. Mwaka 1926 kamati ya serikali yao ilitoa taarifa juu ya ugonjwa huo. Lakini kanuni maalum za kuwalinda zilitoka mwaka 1953. Kati ya taarifa na kanuni ilipita miaka 27, na katika miaka hiyo watu walikuwa wakienda kazini kila asubuhi.

Sisi tunayo sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Yasema mwajiri ndiye atakayetoa vifaa vya kujikinga, glavu zikiwamo, kwa mfanyakazi anayeshika vitu vinavyodhuru. Basi tajiri akileta chujio la kuosha, alete na glavu zisizopitisha mafuta, brashi, beseni lenye kifuniko, na sabuni. Na ni mafuta ya taa, si petroli. Kuosha kitu kwa petroli ndani ya mashua, penye betri na jiko la chai la baharia, ni kutafuta habari ya gazetini. Bei ya vitu hivyo iingizwe katika hesabu, ndipo tuone kama zile mara 30 hazikuwa 45.

Nilisema nitarudi kwenye sheria. Sheria ya ajira, nayo ya mwaka 2007, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki katika mshahara kwa mali iliyoharibika, ikiwa mfanyakazi amefanya kosa kwa makusudi. Kwa makusudi, ndugu zangu. Utingo aliyeosha chujio kama alivyoamriwa, bila kifaa na bila kufundishwa, hakufanya kwa makusudi. Hapa ndipo naona hatari kubwa ya hili chujio. La kutupa likiwa bovu, lawama huenda dukani au kiwandani. La kuosha likiacha uchafu upite, lawama huenda kwa aliyeliosha mara ya mwisho, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba aliliosha vizuri. Kwa hiyo liwepo daftari: tarehe, kilomita au saa, nani ameosha, nani amekagua, saini mbili. Tajiri akikataa daftari, nanyi mkatae chujio.

Mtaniuliza, ninyi wa reli mnafanyaje, mnayo mabeseni na mabomba ya upepo? Jibu laweza kuwashangaza. Injini zetu za dizeli za aina ya 93, zilizoletwa mwishoni mwa miaka ya 1970, zina tangi la machujio ya oili, na vipande vilivyomo ndani ni vya karatasi, vya kutupa. Injini za garimoshi zinazotunzwa sawasawa, oili yake huchukuliwa kidogo ikapimwa na wataalamu, waone ina chuma kiasi gani, shaba kiasi gani, maji kiasi gani. Mahali penye vifaa vyote vya kuoshea, kazi ya kuchuja oili imeachiwa karatasi. Wavu upo, lakini mbele ya pampu, wa kuzuia makombo makubwa.

Nisije nikaonekana wakili wa wauza filta. Ugonjwa wa filta za kutupa ni bandia. Kopo limepakwa rangi nzuri na jina la kiwanda kikubwa, ndani mna karatasi chache kama barua ya mtu asiye na la kusema. Naamini tajiri wa yule nahodha alivutiwa na wavu wa chuma kwa sababu amechoka kudanganywa, na kwa hilo simlaumu. Dawa yake ni msumeno. Filta ya zamani ikitoka, kateni kopo, ivuteni karatasi kama kinanda. Hesabuni mikunjo. Tazameni kama gundi imeshika ncha zote, kama ule mpira wa kuzuia oili isirudi chini injini ikizimwa ni laini au umekuwa kama ganda la nazi, kama springi ya vali ipo. Pitisheni sumaku juu ya uchafu. Mkifanya hivyo mara tatu kwa duka moja, mtajua mnanunua wapi na mnahama wapi. Na wanachama wakinunua pamoja katoni moja kutoka kwa wakala anayejulikana, bei yashuka na bandia yapungua.

Na taka. Wasemao chujio la kuosha halichafui, wanasema nusu. Yale mafuta ya taa machafu yaliyobaki katika beseni huenda wapi? Nimeyaona yakimwagwa palepale ufukoni, maji yakawa na rangi za upinde. Filta ya kutupa nayo, ikitupwa katika mikoko, hutoa oili yake taratibu kwa miezi. Itoboleni kichwani ikiwa bado na moto, igeuzeni juu ya debe usiku kucha, asubuhi oili imo debeni na kopo lauzwa chuma chakavu. Mafuta ya taa ya kuoshea yaacheni yatulie siku mbili, ya juu yaweza kutumika tena. Kaa na kamba wanaoishi katika mikoko ile ni riziki ya watu walioko katika chumba hiki.

Basi kwa nahodha aliyeniuliza, jibu langu ambalo upepo ulilichukua ni hili. Mashua yako ina injini ya silinda nyingi yenye filta ya kopo. Kwa saa zako, na kwa chumvi hii, na kwa vile hakuna mtu aliyelipwa kuosha, mwambie tajiri aendelee na la kutupa, ila lililo halali na kwa wakati wake. Mwenye mashine ya nje ya kuchanganya oili na petroli hana chujio la oili hata kidogo, akalale; ile ya mtindo mpya, isiyochanganya, ina filta ya kopo, na maneno ni yaleyale. Mwenye S195 aoshe wavu wake. Gari la Malindi ndilo pekee ninaloona lina hoja. Hilo likipata wavu, na glavu, na nusu saa iliyolipwa, na daftari, mimi sitalipinga.

Hapa mezani nimeweka filta mbili nilizonunua Mombasa, zina jina moja na rangi moja, na bei zake zilipishana kwa shilingi 250. Zote mbili nimezikata. Sitawaambia ipi ni ipi. Njoni mzishike, kisha kila mtu aseme, na baada ya hapo nipo tayari kwa maswali.